Alfajiri au jioni? Kuchagua saa ya ibada katika nyumba yenye shughuli nyingi

Familia nyingi za Kikristo ninazozijua Dar es Salaam zinampenda Mungu kwa dhati, ila zimeishiwa saa. Baba anatoka Kibaha kabla hakujapambazuka ili aiwahi foleni. Basi la shule linampitia mtoto saa 11 na nusu alfajiri. Mama anafunga duka saa 2 usiku, na kijana wa kidato cha nne anarudi kutoka tyusheni giza limeshaingia. Jumapili wote wamependeza, wamo kanisani. Ila kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, pengine jina la Mungu halisikiki nyumbani isipokuwa wakati wa kuombea chakula, na hapo penyewe ni kwa haraka.

Mzazi anayetaka hali hiyo ibadilike huwa na njia nne: ibada ya alfajiri, ibada ya jioni, siku moja ndefu kwa wiki, au kuitegemea jumuiya ya mtaani. Nimeziona zote zikifuatwa, na watu wazuri. Nitakaa zaidi na mbili za kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazogusa kila siku ya nyumba. Niseme mapema pia kwamba naegemea jioni. Sababu zangu nitazitoa, na msomaji atazipima kwa nyumba yake mwenyewe.

Alfajiri na jioni, bega kwa bega

Alfajiri ina heshima yake. "Bwana, asubuhi utaisikia sauti yangu," inasema Zaburi ya 5. Akili imepumzika, simu haijaanza kulia, hakuna mgeni anayebisha hodi. Neno la Mungu linatangulia kabla ya habari za mitandaoni na kabla ya wakubwa wa kazini. Na aliyekwisha kusali saa 11 alfajiri hana cha kuhofia baadaye: hata siku ikivurugika namna gani, ibada yake imeshafanyika. Jioni haina uhakika huo. Jioni kuna foleni, kuna taarifa ya habari saa 2, kuna mpira, kuna shemeji aliyepita kusalimia mara moja akakaa hadi saa 4.

Kwa hiyo kama swali lingekuwa ni saa ipi inamfaa mtu mmoja kusali peke yake, ningesema alfajiri bila kusita. Lakini tunazungumzia nyumba nzima, na hapo swali la kwanza ni nani yupo, na yupo katika hali gani.

Tupige hesabu. Basi la shule likipita saa 11 na nusu, mtoto lazima aoge, avae sare na anywe uji. Ukiongeza ibada ya dakika 15 inabidi aamke kwenye saa 10 na nusu. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Basi ili apate hizo 9 za chini kabisa, awe amesinzia saa 1 na nusu usiku. Ni nyumba ngapi za mjini ambamo mtoto wa darasa la tatu amelala saa hiyo, wakati kazi za shule hazijaisha na mama hajarudi? Matokeo yake gharama ya ibada ya alfajiri inalipwa na usingizi wa mtoto, naye hakuulizwa. Anakaa kitini macho yamefumba, baba anadhani anasali.

Halafu kuna sauti ya mzazi. Saa 11 alfajiri sauti hiyo ina haraka hata pale mzazi anapojitahidi. Sala inaishia kwenye "Amina, vaa viatu". Mtoto anayesikia hivyo kila siku anajifunza kwamba ibada ni mojawapo ya mambo ya kumaliza kabla ya honi kupigwa nje.

Jambo linalonifanya nisimame upande wa jioni ni maswali. Watoto hawaulizi mambo mazito asubuhi. Huyauliza usiku, taa zikiwa zimewashwa na watu wamekaa. Kwa nini bibi hakupona na tulimwombea? Rafiki yangu Rashidi ni mzuri kuliko watu wa kanisani kwetu, je, Mungu anamsikia? Yesu alikuwa na umri kama wangu lini? Swali la namna hiyo likija saa 11 na robo alfajiri utasema, "Tutaongea baadaye," na baadaye haiji. Likija saa 1 na nusu usiku unaweza kukaa nalo, unaweza hata kukiri kwamba hujui na mkaomba pamoja. Kwa maoni yangu, imani ya mtoto hukua zaidi katika dakika hizo tano za maswali kuliko katika sura nzima iliyosomwa kwa mbio.

Maandiko nayo hayaitupi jioni. Kumbukumbu la Torati 6 inaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Kuketi na kulala vimo, na kulala kumetajwa kabla ya kuondoka. Martin Luther, alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliyaandika mafundisho yake kwa ajili ya mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, akaweka sala ya asubuhi na sala ya jioni. Ya asubuhi inamwachilia mtu aende kazini kwake kwa furaha. Ya jioni inamwambia alale mara moja akiwa na amani. Na kwenye parokia za Kikatoliki, kengele ya sala ya Malaika wa Bwana hulia saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Mapokeo yetu yana nafasi kwa saa zote mbili, kwa hiyo mzazi asijione amepungukiwa imani kwa sababu amechagua ile ambayo watoto wake wako macho.

Udhaifu wa jioni, na namna ya kuuzunguka

Jioni ina maadui watatu: uchovu, kusubiriana na urefu.

Uchovu unatokana na kuiweka ibada mwishoni kabisa, baada ya kula. Watu wameshiba, mdogo amelalia kochi, mkubwa ana hamu ya kurudi kwenye simu. Wakati unaofaa zaidi, kwa nilivyoona, ni pale chakula kimeiva lakini hakijapakuliwa. Wote wako karibu kwa sababu wana njaa, hakuna wa kuitwa mara tatu, na aliye na zamu ya kuongoza anajua wazi kwamba hawezi kuhubiri saa nzima wakati harufu ya maharage ya nazi inatoka jikoni. Hapo urefu nao umepata dawa yake.

Kusubiriana ni tatizo kubwa zaidi, na mara nyingi anayesubiriwa ni baba. Amekwama Mbagala au Tegeta, anapiga simu kusema nipo njiani, saa 3 inafika, watoto wanakula, ibada imekufa siku hiyo. Ikifa siku tatu mfululizo, ya nne hakuna anayeikumbuka. Ushauri wangu ni kupanga saa na kuanza na waliopo. Baba akifika katikati ataketi na kuitikia Amina kama wengine, na heshima yake haipungui. Mtume Paulo anapomkumbusha Timotheo chimbuko la imani yake, katika waraka wa pili, sura ya 1, anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba nyingi za hapa kwetu zimesimama juu ya Loisi na Eunike, na hakuna sababu ya ibada kungoja mlango ufunguliwe.

Zamu husaidia sana. Jumatatu mama, Jumanne kaka, Jumatano binti wa darasa la tano, na kadhalika. Mtoto mwenye zamu huchagua wimbo kwenye kitabu cha tenzi na kusoma aya. Usimsahihishe matamshi mbele ya wengine. Mbebe hivyo hivyo. Mwezi wa pili utashangaa.

Na nini kisomwe? Familia nyingi huanza na Mwanzo, zinakwama kwenye Mambo ya Walawi, zinaacha. Afadhali Injili ya Marko. Ina sura 16, karibu aya 680, na mambo yake yanakwenda mbio kiasi cha kumshika mtoto. Mkisoma aya 12 kila jioni, siku tano kwa wiki, mtaimaliza kwa muda wa karibu miezi mitatu, na mtajua mmefika mwisho wa kitu. Kwa siku ngumu weka akiba ya Zaburi fupi: ya 117 ina aya 2 tu, ya 133 na ya 134 zina aya 3 kila moja. Mwenye haraka ya kweli anaweza kusoma Zaburi ya 117 akiwa amesimama, akasema Baba Yetu, na jioni ile haikupita bure.

Kwa Wakatoliki wanaosali Rosari nyumbani, Rosari nzima huchukua dakika 20 hivi, na kwa mtoto wa miaka minne hizo ni nyingi mno. Tendo moja linatosha: Baba Yetu, Salamu Maria kumi na Atukuzwe. Mkifuata matendo ya siku husika (furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, mwanga Alhamisi, utukufu Jumatano na Jumapili), mtoto atayafahamu maisha ya Yesu yote kidogo kidogo.

Kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa katika mipango hii: dada wa kazi. Katika nyumba ngapi familia imeketi inasoma habari za Yesu kuwaosha wanafunzi miguu, huku binti wa miaka 19 yuko nje anasugua masufuria? Kama ni Mkristo, kiti chake kiwepo na zamu yake iwepo. Kama ni Mwislamu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani, asilazimishwe kuketi, na yeye naye apewe nafasi ya sala yake ya Magharibi bila kuitwa jikoni. Watoto wanaangalia. Watakachokiamini kuhusu Mungu wa nyumbani kwenu kitategemea sana jinsi binti huyo anavyotendewa.

Je, alfajiri iachwe kabisa? Hapana. Ipewe kazi ndogo inayoiweza: baraka ya mlangoni. Mkono juu ya kichwa cha mtoto, na aya ya mwisho ya Zaburi ya 121: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Nusu dakika. Mzazi anayemsindikiza mtoto hadi kituoni anaweza kuisema wakiwa wanatembea, na hapo "utembeapo njiani" imetimia. Kwa mchanganyiko huu, mtoto anapata usingizi wake na bado anatoka nyumbani akiwa amebarikiwa.

Siku moja kwa wiki

Wapo wanaosema kila siku haiwezekani, afadhali saa moja au mbili nzuri mara moja kwa wiki. Mfano bora wanao Wasabato. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na familia hukusanyika kuifungua kwa nyimbo, neno na maombi. Kazi zimefungwa, nguo zimepigwa pasi mapema, chakula kimeandaliwa. Jua haliahirishwi, na ndiyo maana desturi hiyo inadumu. Mkristo wa dhehebu lolote ana la kujifunza hapo: saa isiyotegemea hisia za mtu hushika mizizi.

Ukilinganisha na ibada ya kila jioni, siku moja ndefu inatoa kina. Kuna muda wa kuimba beti zote, kusimulia wiki ilivyokwenda, kuombana msamaha, kuandika maombi na kuyarudia wiki inayofuata kuona yaliyojibiwa. Kwa vijana wa sekondari hii ni bora kuliko dakika 15 za kila siku, kwa sababu wao wanahitaji kujadiliana. Udhaifu wake ni kwamba ikikosekana mara moja, wiki nzima imekwenda, na mapumziko ya mwisho wa wiki mjini hayana mwenyewe. Jumamosi ni ya misiba, harusi, kipaimara cha mtoto wa jirani na mazoezi ya kwaya. Jumapili alasiri ni ya vikao vya harusi. Anayechagua njia hii achague Ijumaa usiku, au siku ya katikati ya wiki, na awaambie ndugu na marafiki wazi kwamba siku hiyo hapatikani.

Jumuiya

Njia ya nne ni kuiachia jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na leo Tanzania jumuiya nyingi hukutana Jumamosi asubuhi, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Walutheri nao wana jumuiya zao na ibada za nyumba kwa nyumba. Ni zawadi kubwa. Jumuiya ndiyo inayokuja ukiugua, ndiyo inayokesha ukifiwa, na mzazi anayelea peke yake anapata ndani yake wajomba na mashangazi wa imani. Kwa mjane au mama aliyeachwa na watoto wanne, ningeiweka jumuiya juu ya vyote vingine, kwa sababu yeye hahitaji kuongezewa mzigo wa kuongoza. Anahitaji watu wa kuketi pamoja naye.

Ila kwa wengine jumuiya isiwe kisingizio. Watoto mara nyingi hawahudhurii, au wanahudhuria wakiwa nje wanacheza. Kwenye jumuiya mtoto humwona baba yake akisali mbele ya majirani; nyumbani humwona akisali akiwa na kandambili na bukta, akitaja deni la ada kwa jina lake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili halina mbadala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, na kanisa hilo lina ibada yake hata pale jumuiya inapofanya kazi vizuri.

Nyumba ipi, njia ipi

Nyumba yenye watoto chini ya miaka mitano: jioni, dakika saba, wimbo mmoja wenye kupiga makofi, hadithi moja kwa mdomo, sala ya kurudia. Msisome, simulieni.

Nyumba yenye watoto wa shule ya msingi: jioni kabla ya kupakua, pamoja na baraka ya mlangoni asubuhi. Hawa ndio ninaowaza zaidi ninapoandika haya, kwa sababu ni umri ambao mtoto bado anataka kuketi karibu na wewe.

Nyumba yenye vijana: siku moja ndefu kwa wiki, na siku nyingine sala fupi tu. Waachieni wachague mada, hata ile inayowatia wazazi joto.

Wazazi wa zamu, kama wauguzi, walinzi na polisi, wasijifunge na saa ya ukutani. Wafunge ibada kwenye tukio linalotokea kila siku, mfano mlo wa kwanza ambao watu wasiopungua wawili wako pamoja. Wiki ya zamu ya usiku mlo huo utakuwa asubuhi, na hapo alfajiri itakuwa sahihi kwenu kuliko kwa mwingine yeyote.

Dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi anaweza kukaa siku nyingi kwenye foleni ya mpakani, Tunduma au Kasumbalesa. Yeye anaweza kutuma ujumbe wa sauti: aya moja na sala ya dakika moja, mama anaucheza kabla ya kusoma. Kasumbalesa na Lubumbashi saa ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo akirekodi mchana utakuwa umefika mapema. Watoto wajibu kwa sauti zao vilevile, awe na cha kusikiliza kwenye foleni.

Mwenye mtoto bweni afikirie kitu cha kubebeka. Mtoto anayeijua Zaburi ya 23 kwa moyo, aya zake 6, ana ibada ya nyumbani popote alipo. Likizo za Juni na Desemba arudishiwe zamu yake siku ileile anayoweka sanduku chini, asiwe mgeni.

Na kwa wachumba au wanandoa wapya ambao bado hawana watoto: anzeni sasa, wawili tu, jioni. Ni rahisi zaidi kumkaribisha mtoto kwenye desturi iliyopo kuliko kuanzisha mpya ukiwa na pacha mikononi.

Njia yoyote mtakayochagua, ipeni muhula mmoja wa shule kabla ya kuihukumu. Kisha shule zinapofunguliwa Januari, ratiba za basi zinapobadilika na mkubwa anapoingia darasa jingine, ketini wote pamoja, na dada wa kazi akiwemo, mpange saa upya. Mtoto mdogo kuliko wote aulizwe wa kwanza.